BSA ya babu na oili iliyokua haijulikani inaenda wapi

Mwaka 2011 nimemaliza form four nasubiri matokeo, na kwetu Ngamiani, Tanga mjini, kijana anaesubiri matokeo ndo wa kutumwa na kila mtu, kwaiyo mjomba alipoamua kuifufua pikipiki ya babu hakuniuliza kama nina nafasi, alinipa tochi nishike.

Pikipiki yenyewe BSA M20, ya Kiingereza, silinda moja, cc 500, chuma tupu. Babu alikua karani kwenye shamba la mkonge la Mgiriki, mashamba yalipotaifishwa 1967 yule bwana akafungasha, vingine akauza vingine akagawa, na babu akaangukiwa na BSA. Ubavuni mwa injini chini ya silinda kuna namba zimegongwa zinaanza na WM20, na hiyo W ndo ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza vita vya pili, walitoa zaidi ya 120,000 pale Birmingham. Gia iko mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto, yani kinyume na pikipiki za boksa zote unazozijua, ndo maana hata vijana wa bodaboda wa mtaani walikua wanaiangalia tu hawaombi kuijaribu.

Kuwaka ilikua inawaka. Shida oili. Mjomba anajaza tangi la oili (liko pembeni chini ya siti, sio ndani ya injini) vizuri kabisa, pikipiki inakaa wiki haijaguswa, akifungua mfuniko tangi limeshuka vibaya, anaongeza. Akiipiga kiki inatoa moshi wa bluu mtaa mzima unakohoa, na chini inaacha dimbwi. Fundi wa kwanza, kijana wa gereji moja ya boksa, alisema ni gasketi zimechoka, akanunua tyubu za silikoni nyekundu akapaka kila mahali panapokutana chuma na chuma. Akala hela yake. Dimbwi likabaki palepale.

Ndo mjomba akaenda kumtafuta mzee mmoja aliewahi kufanya kazi karakana ya reli. Akaja na baiskeli yake, begi la spana limefungwa kwenye keria, nikamwamkia akaitika, akaletewa kahawa na kashata, na mpaka anamaliza kikombe hajaigusa pikipiki, anaiangalia tu. Alafu akainuka akaenda moja kwa moja kwenye silinda hedi, akabandua kipande cha silikoni kwa kucha.

"Hii nani kaiweka huku juu?"

Mjomba akasema fundi.

"Sasa yakhe, oili inafika huku saa ngapi?"

Mjomba kimya. Mzee akanigeukia mimi mwenye tochi, akaanza kunifundisha kwa kidole. M20 valvu zake ziko pembeni ya silinda, hazipo juu kama kwenye pikipiki za leo, kwaiyo kule kwenye hedi hamna roka wala kemu (vyuma vya kufungulia valvu) wala tone la oili, hedi ni mfuniko tu wa chuma na tundu la plagi, ikivuja itavuja moshi. Upande wa kulia kuna kava la taiming, ndani yake gia za kemu na gia ya kuzungusha magneto, ile inayotoa umeme wa plagi. Ubavuni mwa silinda kile kifuniko kidogo ni cha tapeti, vile vyuma vinavyosukuma valvu. Kushoto lile bati kubwa ni la cheni ya praimari inayotoka krenki (ekseli inayozungushwa na pistoni) kwenda klachi. Chini kabisa sahani yenye nati nne, ndani ina chujio la wavu. "Taja," ananiambia, namtajia, nikikosea ananirudisha mwanzo, mjomba mwenyewe nae akawa anataja kimoyomoyo, midomo naiona inacheza.

Tukaiosha na mafuta taa na brashi, tukabandua silikoni yote, tukaosha tena na sabuni ya unga, ikakaa juani mpaka ikakauka kabisa. Alafu mzee akaomba poda. Nikadhani masihara. Poda kweli, ya mtoto, nikaenda kuiomba kwa dada, akanipa kwa masharti. Mzee akaipaka injini yote ikawa nyeupe, akamwambia mjomba aiwashe na asiipeleke popote, maana pikipiki ikitembea upepo unarudisha oili nyuma, utaona gia boksi imelowa kumbe tatizo liko mbele yake. Tukachuchumaa. Kifuniko cha tapeti kikatoa alama ndogo tu. Kava la taiming kwenye ukingo wa chini poda ikageuka kijivu, taratibu, kamstari kembamba. Lakini kwenye tundu la kupumulia la krenkikesi, yani nyumba ya krenki, hakukua na kijimstari, oili ilikua inatemwa kwa mafungu, tena inaruka!

"Zima. Hii haivuji, hii inatapika. Lete beseni."

Akafungua chini. Oili iliyotoka pale jamani, beseni la kufulia, mjomba akabaki anashika kiuno. "Oili yako ndo hii, haijaenda popote."

Kumbe injini hizi za kizamani oili inatakiwa ikae kwenye tangi, pampu inaisukuma kwenye krenki, alafu upande wa pili wa pampu unaivuta kutoka chini na kuirudisha tangini. Pikipiki ikisimama, kinachoizuia oili ya tangi isiteremke yenyewe ni kigololi kidogo na springi yake. Kigololi kikichoka au kiti chake, pale kinapokalia, kikiingia uchafu, oili inashuka polepole usiku na mchana, injini inajaa, na siku unayoiwasha inatafuta pa kutokea. Unaongeza tangini, unazidisha ubaya.

Na kile chujio cha wavu, mzee alipokitoa, kilikua kimejaa nyuzi nyekundu za silikoni zimejikunja kama minyoo. Silikoni ukibana kava haitoki nje peke yake, inatoka na ndani pia, inakatika, inaenda na oili. Kidogo tu ingeziba pampu ikose cha kuvuta, na krenki ya M20 utaipata wapi hapa Tanga.

Spana ndo zilitupotezea muda zaidi. Nati za BSA ni za vipimo vya Whitworth, spana iliyoandikwa 1/4 mdomo wake una milimita 13 na pointi, kwaiyo 13 yetu haiingii na 14 inacheza, na yule kijana alitumia 14, pembe za nati alizila zote. Mzee alikua nazo za kwake toka reli, nyeusi, akawa hampi mtu mkononi.

Kava la taiming alilisawazisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha kilicholazwa msasa laini, anasugua kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ukang'aa sawa. Gasketi akaikata mwenyewe, unalaza karatasi ya gasketi juu ya chuma unagonga ukingoni na nyundo ya kichwa cha duara, karatasi inajikata kufuata umbo. Kigololi kile cha zamani akakipima, sawasawa na gololi ya baiskeli ya habu ya nyuma. Sasa Tanga ukose gololi za baiskeli! Nikatumwa, nikarudi nazo kwenye kikaratasi, akachagua moja akaitia kwenye kiti chake akaigonga mara moja kidogo na fimbo ya shaba ili ijitengenezee makalio, akaitoa, akaweka nyingine mpya na springi.

Bati la praimari hakuligusa. Mjomba akauliza na hili je, mzee akasema lina skrubu nyingi na bati lake ni jepesi, Waingereza wenyewe liliwashinda.

Wiki ile yote mjomba alikua akitoka kuswali alfajiri anafungua mfuniko wa tangi kuchungulia. Haikushuka. Jumapili tukaenda nayo Muheza, mimi nyuma, tunapita Pongwe watu wanageuka kwa mlio. Tumesimama kununua machungwa tukazungukwa na vijana wa bodaboda, mmoja akainama akaona tone chini ya bati la kushoto, "mzee, inavuja hii." Mjomba akamwambia hiyo ndo inayoruhusiwa kuvuja, akachuchumaa nao akaanza, hii taiming, hii tapeti, hii magneto, taja wewe, na mimi nimesimama na mfuko namenya, mpaka anamaliza darasa lake machungwa yamebaki mawili.