Nilivyokisoma Kitabu cha Saxton Pope kwa Futi na Ndoo ya Maji

Hunting with the Bow and Arrow, yaani Kuwinda kwa Upinde na Mshale, kilichapwa mwaka 1923, na siku hizi kinapatikana bure mtandaoni. Nilikisoma kwenye simu, usiku usiku.

Mwanzo ulikwenda wenyewe, kwa sababu ni habari za Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila la wenyeji wa asili wa California, aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911, akapelekwa kuishi kwenye makumbusho San Francisco. Pope, daktari wa upasuaji, alikuwa akimtibu; mgonjwa akageuka mwalimu wa upinde, mpaka kifua kikuu kilipomuua mwaka 1916. Ishi alitafuna kano za kulungu hadi zikalainika, akazibandika mgongoni mwa upinde kwa gundi ya ngozi ya samaki. Kabla ya kuwinda alikuwa hali samaki, havuti tumbaku, na asubuhi anaoga mtoni. Sungura alimwita kwa kubusu vidole vyake mwenyewe.

Nilikwama kwenye sura za utengenezaji: inchi, ratili, majina ya miti ambayo sijawahi kuiona. Nikaazima futi ya fundi cherehani. Upinde wa Ishi, inchi 42 hivi, ukanifika kiunoni! Wa Pope ulikaribia kimo changu. Uzito wa kuvuta, yaani nguvu inayotakiwa kuuvuta upinde, nao ukanishinda kuuwazia, basi nikajaza ndoo ya lita 20 na kuiinua kwa ncha za vidole vitatu. Upinde wa Ishi ulidai karibu hivyo hivyo, kama kilo 20. Wa Pope ulipita kilo 30, na unauvuta hadi shavuni, unatulia, unalenga. Tangu hapo kila alipoandika kwamba mshale umekosa nilimhurumia.

Sura za mbwa kumpandisha puma, paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, mtini, kisha watu wamtungue kwa mishale, nilizipitia haraka. Kwangu huo si uwindaji sana. Ishi alijificha akamwita mnyama aje karibu. Hapo ndipo penye ufundi, na Wahadzabe, wawindaji wa upinde wa Ziwa Eyasi, wangemwelewa bila mkalimani.

Mwaka 1925 Pope na mwenzake Art Young walikuja Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Safari hiyo ina kitabu chake, nimekianza juzi, na safari hii angalau miti naijua.