Namna Ninavyoendelea Kupiga Picha za Watu Walio Katika Mateso

Kwa miaka mingi nimepiga picha za watu waliokimbia vita, waliofukuliwa kutoka kwenye vifusi na waliozika watoto wao, lakini kilichonidhuru zaidi kilinipata mezani, wakati wa kuchagua picha. Kamera ikiwa mkononi, mimi hushughulika na mwanga, umbali na usalama wangu, na shughuli hiyo huikinga akili. Mbele ya kompyuta, uso wa mama anayelia hukuzwa na kutazamwa tena na tena, na hakuna tena kinachonitenga naye. Nilianza kukosa usingizi, kushtuka mlango unapobamizwa na kuwakwepa watu wa nyumbani mwangu.

Mtaalamu wa saikolojia niliyemwendea alinieleza kwamba mwongozo wa uchunguzi wa maradhi ya akili unaotumika Marekani, katika toleo la 2013, unakubali kuwa kutazama picha za kutisha mara kwa mara, ikiwa ndiyo kazi ya mtu, kunaweza kumletea ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe. Maelezo hayo yalinifariji mno, kwa kuwa nilikuwa nikijiona dhaifu wa moyo, kumbe nilikuwa nimeumia kazini.

Tangu hapo picha ngumu huzipitia kwanza zikiwa ndogo na zisizo na rangi, na video huzitazama bila sauti, maana kwangu vilio hudumu kuliko sura. Sizihariri usiku, wala katika chumba ninacholala. Zinazohusu watoto huchaguliwa na mwenzangu, nami humpokea zile zinazomwelemea yeye.

Hatia ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko yote. Kevin Carter wa Afrika Kusini, aliyepiga picha ya mtoto mwenye njaa akiwa na tai mla mizoga karibu yake huko Sudan mwaka 1993, aliulizwa mno kama alimsaidia mtoto yule; alijitoa uhai Julai 1994, miezi michache baada ya kutunukiwa tuzo ya Pulitzer. Sidai kwamba picha hiyo pekee ndiyo iliyomlemea, kwani alikuwa ameshuhudia mauaji mengi. Hata hivyo, swali hilo hulijibu kabla sijaondoka: pasipo na mwokoaji mwingine, naweka kamera chini.

Ndoto mbaya bado hunijia, hasa baada ya kazi za maafa makubwa, na zikiendelea humrudia mtaalamu wangu bila kungoja zikome zenyewe.