Cheti chenye jina la zamani

Mahojiano yalikuwa yakienda vizuri hadi nilipotoa cheti changu cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Mwenyekiti wa jopo alikisoma, akanitazama, akampitishia mwenzake. Cheti kilikuwa na jina la mvulana, na mimi ni mwanamke niliyeketi mbele yao. Maswali ya uhasibu yaliishia hapo. Wakaniuliza nitatumia choo kipi. Hawakunipigia tena, na hiyo ilikuwa kampuni ya tatu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kijinsia tangu hatua ya kuajiri, ingawa haitutaji sisi transijenda, yaani watu ambao jinsia yao si ile waliyoandikishwa walipozaliwa. Ningeweza kushtaki. Lakini mwezi ule nilidaiwa kodi ya nyumba, nilihitaji kazi kwanza.

Wakili mmoja aliniambia, "Dada, tuanze na jina." Nikatia sahihi hati ya kubadili jina, ikasajiliwa, tangazo likatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali. Baadaye nikapata kitambulisho chenye jina langu. Pia alinipa nisome hukumu ya Mahakama Kuu ya Oktoba 2014, ambapo Jaji Weldon Korir aliliagiza Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transijenda kama mimi, cheti kipya chenye jina lake, kisicho na alama ya jinsia. Niliisoma usiku kucha. Kumbe kuna Mkenya mwenzangu aliyekataa kufungiwa milango kwa sababu ya karatasi, na mahakama ikamsikiliza!

Vyeti vyangu vilikuwa bado vya zamani, kwa hiyo nikabadili namna ya kuomba kazi. Kila nilipoitwa, nilimwandikia afisa wa wafanyakazi kabla ya siku yenyewe: "Vyeti vyangu vina jina langu la awali. Nimeambatanisha hati ya kubadili jina. Niko tayari kwa swali lolote kuhusu kazi."

Inauma kujieleza hivyo kwa mtu usiyemjua. Wanne walinyamaza kabisa. Hata hivyo, naona heri ukimya huo kuliko kudhalilishwa mbele ya watu watano huku umevaa nguo zako nzuri kuliko zote. Wa tano alinipigia: "Asante kwa kutuarifu. Njoo Jumanne saa tatu." Siku hiyo waliniuliza kuhusu hesabu za stoo na kodi ya VAT tu.

Sasa nina mwaka wa pili pale. Kitambulisho bado kinaniita mwanamume, na hilo tunalifuatilia na wakili.