Mende na mafua ya mzio nyumbani penye hewa kavu: kilichomaliza tatizo

Kwa chafya za usiku na macho kuwasha, iliyokuwa ikilaumiwa ni chavua (unga wa maua) peke yake. Lakini mende nao husababisha mzio: kinyesi, mate na magamba yao hukauka, husagika na kuingia kwenye vumbi. Utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno ambao nao huleta mzio, kwa upande wake, haustawi hewa ikiwa kavu, kwa hiyo kuweka mashine ya kuongeza unyevu ni kuualika.

Penye ukame mende hufuata maji. Anza chini ya sinki: kaza kiungo kinachovuja, badilisha washa (kipete cha mpira cha bomba) iliyochakaa, mwaga maji ya trei ya friji. Kisha weka mitego ya gundi kandokando ya kuta usiku mmoja; penye mende wengi ndipo pa kutia chambo cha jeli, matone madogo kama punje ya dengu, kwenye bawaba na nyufa. Usipulizie dawa karibu na chambo! Harufu ya dawa hiyo huwafukuza mende, nao hawali. Hapo ndipo wengi hukwama.

Wakiisha, vumbi la mzio bado lipo. Futa kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu, na fua mashuka kwa maji ya moto.

Msimu wa chavua, safisha pua kwa mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakapoa, pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto. Maji ya bomba yasiyochemshwa ni hatari puani.