Bidoni la Njano Lililonirudishia Miguu

Kwa miezi mitano nilijidunga semaglutidi, dawa ya kupunguza uzito, mara moja kwa juma, nikashuka kutoka kilo 104 hadi 91, na hapa Nguba, Bukavu, kila aliyekutana nami alinisifu. Sifa hizo zilikoma siku maji yalipokatika. Nilikuwa napanda mlima na bidoni la lita 20, mzigo ambao zamani niliubeba huku nikipiga soga, magoti yakaanza kutetemeka katikati ya njia, hadi kijana wa jirani, ambaye hata ndevu hana, akaniambia, "Mama, leta nibebe."

Lawama ya kwanza namtupia shangazi yangu, aliyenishauri nisile usiku ili dawa ifanye kazi yake. Kwa kuwa hamu ya chakula ilikuwa imekwisha, nilimtii kwa furaha: chai, kipande cha papai, basi.

Daktari aliniketisha kitini, akaniamuru nikunje mikono kifuani, nisimame na kuketi mara 5. Nilitumia sekunde 19, naye akasema kuwa zikizidi 15 miguu imedhoofika. Alinieleza kwamba kupungua haraka, kwa dawa au kwa njaa, huondoka na misuli pia. Katika utafiti mkubwa wa dawa hii uliochapishwa mwaka 2021, kwa washiriki waliopimwa kwa mashine, takribani sehemu mbili kati ya tano za uzito uliopotea hazikuwa mafuta. Baada ya kupima figo zangu, alinipangia gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani karibu gramu 110 kwa siku.

Kwa tumbo ambalo dawa imelichelewesha kumwaga chakula, gramu 110 ni mlima mkubwa kuliko ule wa nyumbani. Yai moja lina gramu 6 tu! Nilichofanya ni kula sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwanza na bugali mwisho, ili nikishiba, kinachobaki sahanini kiwe bugali. Mashanza, yaani maziwa ya mgando, nilikunywa saa nne asubuhi, maharagi jioni. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupata sambaza chache na bei hupanda, kwa hiyo siku hizo mayai yalinigharimu dola kadhaa zaidi.

Mazoezi ndiyo yaliyoniaibisha. Nilidhani nimegundua jambo nilipolikumbatia bidoni lenye lita 10 za maji ili nisimame nalo kitini, lakini maji yalicheza ndani, yakanivuta upande, kifuniko kikafunguka na viatu vya ibada vya mume wangu vikaloa. Nikabadilisha maji kwa mchanga, lita zile zile 10, nikisahau kuwa lita ya mchanga ina karibu kilo moja na nusu. Mgongo uliniuma siku nne.

Hatimaye nilinunua vibidoni viwili vya mafuta vya lita 5, nikavijaza maji hadi shingoni yasicheze. Mara tatu kwa juma nilisimama navyo kitini, kisha nikainama na kuvivuta hadi mbavuni. Vilipokuwa vyepesi, nililirudia lile la njano, safari hii likiwa limejaa maji.

Sasa napungua polepole, na shangazi anadai dawa imelala. Mwezi uliopita nilisimama mara 5 kwa sekunde 12, na yule kijana siku hizi ananifungulia lango tu.