Ameondoka

Leo nimefanya kosa ambalo nimeogopa kumwambia bosi, kwaiyo nakuja kuliandika huku kwanza.

Kwa wasionijua, mi ni mtafiti wa kansa, sio daktari, sitibu mtu, japo bi mkubwa bado anawaambia majirani mwanangu daktari na nimeshachoka kukanusha. Kazi yangu ni kuchukua mafaili ya wanawake waliotibiwa kansa ya shingo ya kizazi miaka ile ya 2018 na 2019 afu kutafuta nani yupo, nani katutoka, na waliopo wanaishije. Hii ndo kansa inayoua wanawake wengi kuliko zote hapa Tanzania, makadirio ya 2020 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,000. Mabinti wa miaka 14 walianza kuchanjwa dhidi ya HPV, kirusi kinacholeta kansa hii, nchi nzima 2018, hao Mungu akipenda hawatafika kwenye mafaili yangu. Mama zao ndo ninao.

Faili lenyewe ni kaki, kona zimeliwa, limefungwa na kamba ya katani. Ndani kuna karatasi ya mionzi, vipindi 25 vya nje, kila siku tiki na sahihi, Jumamosi na Jumapili hamna kitu, pembeni wameandika sisplatini, dawa ya kansa inayoenda na mionzi, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, afu mionzi ya ndani, afu mwisho kabisa kwa mwandiko wa haraka "arudi baada ya miezi 3". Ukifunua ukurasa unaofuata ni mweupe. Mafaili yenye huo ukurasa mweupe ni mengi mno, na kazi yangu inaanzia hapo.

Kwenye Excel yangu kuna safu ya "hali". 1 yupo hai, 2 amefariki, 9 haijulikani. Ukishajaza unachora ule mstari wa kunusurika, unaoonyesha wangapi bado wapo hai kadiri muda unavyoenda, ule wa wanatakwimu Kaplan na Meier wa 1958, unashuka kama ngazi, kila kifo ngazi moja. (Kaplan alifika kwenye hesabu hii akichunguza uhai wa vifaa vya kukuza sauti kwenye nyaya za simu za chini ya bahari. Mimi nimeshika simu kutwa nzima, nikikumbuka hilo nacheka peke yangu.) Ukimpa mtu 9, ule mstari unamhesabu mpaka siku ya mwisho alipoonekana kliniki, baada ya hapo unamtoa kimyakimya na kujifanya kwamba kilichompata huko aliko ni kilekile kilichowapata waliobaki kwenye hesabu. Sasa jiulize mwenyewe nani anaacha kuja kliniki. Kuna aliyezidiwa hawezi kutoka kitandani, kuna aliyekosa nauli, kuna aliyepata nafuu akarudi kulima. Hao wote ni 9, na hawafanani hata kidogo.

Chukulia wanawake 100, 30 unajua wamefariki, 30 unajua wapo, 40 hujui. Ukiwaacha wale 40 mstari unapendeza. Ukiwatafuta ukakuta 30 walishafariki, hospitali ileile na dawa zilezile zinaonekana mbaya ghafla, na kisa ni wewe umepiga simu. Kuna mkubwa mmoja, sitamtaja wala ofisi yake, alishaniambia "dada waache 9, hata wenzetu nje wanafanya hivo". Wenzetu nje wana daftari la vifo la nchi nzima, mtu akifa jina linakuja lenyewe kwenye kompyuta. Mi nina namba ya simu iliyoandikwa kwa peni 2019.

Na hizo namba sasa. Januari 20 mwaka 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na bibi wa kijijini ambaye laini alinunuliwa na mjukuu unategemea alisajili saa ngapi? Namba nyingine zimeshapewa watu wengine, kuna kijana wa bodaboda huko Mbagala nimempigia mara mbili kwa bahati mbaya, ya pili akaniambia "sista huyo bibi mnayemtafuta mkimpata mnipe na mimi nimsalimie". Wengine wakisikia sauti ngeni inauliza jina la mama yao wanajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wanakata. Siwalaumu, ningekuwa mimi ningekata mapema zaidi.

Wakipokea, kuna tarehe. Hakuna anayekwambia tarehe 22. Mzee mmoja aliniambia mke wake alifariki wiki ile ya msiba wa Magufuli, arobaini ikaangukia katikati ya Ramadhani ila tulisoma hivohivo, basi najua ni Machi 2021. Mwingine kaniambia mahindi yalikuwa yamefika magotini. Nikakaa na kalenda ya mvua ya Handeni.

Sasa kosa langu.

Mwaka jana nilipiga namba ya jirani, Temeke, jirani ndo alikuwa ameandikwa kama mtu wa karibu. Nikaulizia mama fulani. Akasema, "Ameondoka mwanangu, toka mwaka juzi." Nikasema poleni sana. Akasema, "Asante, tumeshazoea, ila mtaa umepoa." Mnaona wenyewe. Nikaandika 2, nikaweka mwaka, mwezi nikaacha wazi, nikaendelea na namba nyingine.

Leo nikawa nasafisha data, nikakuta ule mwezi uliokosekana, na nyuma ya faili kuna namba ya pili, ya mtoto wake wa kiume. Nikapiga. Nikajitambulisha vizuri tu, afu nikasema, kwa ile sauti yetu ya kupigia wafiwa, "Kwanza pole sana na msiba wa mama."

Kimya.

"Msiba gani dada?"

Jamani. Nilitaka ardhi inimeze. Kabla sijafungua mdomo kijana kakata simu, nikipiga inatumika, nikipiga inatumika, nikajua anampigia mama yake na mimi nimekaa hapa nimemuua mtu mara ya pili. Dakika kama kumi hivi naangalia simu tu. Ikaita, namba nisiyoijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndo umemwambia mwanangu nimekufa?"

Nikaomba radhi mpaka akanionea huruma. Afu akacheka, alicheka mpaka akakohoa, akasema jirani yake wa Temeke hajui kuongea, mi niliondoka kweli, nilihamia Muheza kwa kaka yangu, nikamwachia na sufuria zangu, ningekufa angezirithi. Nikamuuliza kama ana nafasi ya maswali machache, akasema uliza, maiti hana haraka.

Fomu yangu ni ndefu na imetungwa na watu ambao hawajawahi kupanda basi la Muheza. Nilipofika kwenye "kwa nini uliacha kuhudhuria kliniki" nina vijisanduku: umbali, gharama, kujisikia vizuri, tiba asili, nyingine. Nikamwambia mama nauli eh? Akasema nauli anayo, wanauza machungwa. Basi ni umbali? Akanyamaza kidogo, nikasikia anasogea mbali na watu.

"Mwanangu, ule mionzi ulinitibu ila uliniachia tumbo. Haja ikija haisubiri, na mara nyingine inakuja na damu. Sasa basi la Dar linachimba dawa mara moja njia nzima, mi nataka mara nne. Nilijaribu safari moja. Sirudii."

Kwenye vitabu vyetu ina jina, mionzi inaumiza ukuta wa utumbo mkubwa na kibofu, inaweza kujitokeza miezi au hata miaka baada ya tiba, na nyingi zinatibika kama mtu yuko kliniki. Na yeye haji kliniki kwa sababu hiyohiyo. Nimefundisha wanafunzi huu mwaka wa tatu kwamba wanaopotea ama wamezidiwa ama wamepona, sijawahi kumtaja mtu aliyepotezwa na dawa iliyomponya.

Tuna maneno mabovu pia. Tukiandika ripoti kwa Kiswahili tunawaita "manusura". Manusura mi namjua wa meli, MV Bukoba, mtu katolewa majini kafunikwa blanketi, imeisha. Nilipomwambia mama kwamba yeye ni manusura wa saratani akauliza kwani saratani imezama? Kuna daktari wa Kimarekani, Fitzhugh Mullan, naye aliugua kansa, akaandika 1985 kwamba hii habari ya kugawa watu wamepona au hawajapona haitoshi, kuishi na kansa kuna misimu yake na kila msimu una shida zake. Huyu mama yuko kwenye msimu ambao kwenye Excel yangu ni 1 tu, moja sawa na moja ya yule dada wa Kinondoni anayekimbia mbio za asubuhi.

Kwenye swali la tendo la ndoa akasema hapo ruka, mume alishaoa mwingine kabla hata sijamaliza vipindi. Nikaruka.

Nimempa namba ya nesi wa hospitali ya Bombo, Tanga mjini ni karibu, kwenda na kurudi kabla ya mchana. Amesema ataangalia. Nimebadilisha 2 kuwa 1 nikaweka tarehe ya leo, na kesho naanza kurudia kila "ameondoka", "hayupo tena" na "ametuacha" kwenye maelezo yangu ya simu, ni nyingi, na kuanzia sasa nitauliza lile swali la aibu: alizikwa wapi.

Ila kuna tatizo lingine. Kabla hajakata kasema kesho anampa konda kiroba cha machungwa, nikafuate Mbezi kituoni saa nane, nisichelewe kondakta ana mdomo. Nimetafuta kwenye kibali chetu cha maadili kama mtafiti anaruhusiwa kupokea machungwa kutoka kwa mshiriki, sijaona. Nimeshaweka alarm saa sita na nusu, foleni ya Kimara naijua.