Kapu moja la uwele

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nilikuwa nimeandaa tuendelee na Zaburi ya 121, lakini kuna jambo limenikaa moyoni tangu Nane Nane na haliniachii.

Siku ile tulikwenda kwenye maonesho ya Nzuguni, hapa Dodoma, kama kila mwaka. Vumbi, umati, mabanda ya mbegu, ng'ombe wa maonesho waliooshwa wakang'aa. Binti yangu wa miaka 9 akanivuta mkono: "Mama, kwa nini leo ni sikukuu?" Nikamwambia ni ya wakulima, tukaenda kununua juisi ya ubuyu. Sikumdanganya, ila jibu langu halikuwa na kitu ndani. Usiku nikaikumbuka Kutoka 12, Mungu anavyowaandaa wazazi kwa swali hilohilo: watoto watakapowauliza maana ya utumishi huu, waambieni.

Jumamosi tukapanda gari la Mvumi kwenda kumsalimu mama. Tulimkuta uani anapepeta uwele. Punje chache ziliruka nje ya ungo. Akauweka chini, akainama na mgongo wake ule unaomuuma, akaziokota mojamoja huku akiwafukuza kuku kwa mguu. Mjukuu wake akamwambia, "Bibi, ziache, ni chache." Mama hakukasirika. Alisema tu, "Mama yangu alitolewa kwa watu kwa kapu moja la hizi."

Nina miaka 46. Sikuwahi kulisikia neno hilo.

Mtunya nilikuwa naujua kwa jina, kama Mgogo yeyote. Ile njaa ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo, halafu na mvua ikakosekana. Watu wengi mno walikufa Ugogo. Lakini kwangu ilikuwa habari ya watu wa kale. Kumbe bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wa kama miaka 6, akawekwa rehani kwa familia ya mbali ili wadogo zake wale. Mvua ziliporudi, baba yake alifanya kibarua misimu miwili, akapata mbuzi wawili, akatembea siku tatu kwenda kumkomboa. Mama anasema bibi alikuwa amesahau sura ya baba yake. Alimtambua kwa kikohozi.

Kumkomboa! Wapendwa, neno hili nimelihubiri miaka mingapi? Nimeliimba kwenye kwaya tangu ujana. "BWANA, Mungu wako, akakukomboa," Kumbukumbu la Torati 15:15. Nikilisoma nilikuwa naona Misri na Farao. Sasa namwona babu mwenye miguu ya vumbi, anavuta mbuzi wawili kwa kamba, anakohoa kwenye ua wa watu. Yeye hakutuma mtu. Alikwenda mwenyewe. Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba, nikamshukuru Yesu kama mtu aliyeokoka jana.

Sasa niseme neno gumu kidogo, mnivumilie. Sisi tunasafiri sana. Krismasi, Pasaka, misiba, harusi, mabasi yanajaa. Tunafika kwa wazee, tunapiga nao picha, tunakula mlenda, tunafungiwa karanga na kuku, tunageuza. Ni nani kati yetu aliyewahi kukaa saa nzima akauliza, "Mama, ninyi mlipitia wapi?" Tunawapelekea sukari na kitenge, na ni vema, ila tunawaacha na maneno yao mdomoni. Waamuzi 2:10 inasema kikainuka kizazi kingine kisichomjua BWANA, wala kazi aliyoitenda kwa ajili ya Israeli. Kizazi kile hakikutekwa na adui. Hakikuambiwa tu. Ndugu yangu, mzee wako akiwa bado anapumua, nenda. Usingoje sikukuu.

Binti yangu aliuliza maswali mpaka giza likaingia. Mengine mama hakuwa na majibu yake. Jina la ile familia halijui, ila anasema kuna mzee mmoja kijiji cha pili ambaye huenda anawajua wajukuu wao. Tunakwenda Jumamosi hii, mimi, mama na mtoto. Mama ameshatenga uwele wa kuwapelekea, kapu zima. Mtuombee tuwapate.